Kuchimbua mji wenye matabaka bila kuyachanganya: mwongozo kamili wa trenchi ya kwanza

Mfuko wa vitu vilivyochimbuliwa umeandikwa vizuri: trenchi 2, sentimita 40 hadi 50, tarehe, jina la mchimbaji. Ukiumimina mezani unakuta kigae cha chungu chenye michoro ya pembetatu cha karne ya 8, kipande cha seladoni (vyombo vya kijani vya China) cha karne ya 14, na kizibo cha soda. Vyote vimetoka kwenye sentimita kumi zile zile.

Mifuko ya namna hii nimeifungua mara nyingi mno, ya wanafunzi na ya watu wazima wenye shahada zao. Hakuna kati yao aliyekuwa mvivu. Kosa lao ni moja: wanachimba kwa kufuata futi ya kupimia badala ya kufuata tabaka. Waliokaa kwenye mji ule hawakuishi kwa sentimita kumi kumi. Walimwaga taka zikalala mshazari, wakachimba vyoo vikatoboa sakafu za babu zao, wakang'oa mawe ya nyumba ya jirani aliyehama wakajengea ya kwao. Ukiikata ardhi hiyo vipande vilivyo sawasawa, kila kipande kinabeba karne tatu nne kwa mpigo.

Mwongozo huu ni wa trenchi ya akiolojia ya mita 2 kwa 2 kwenye mji wa mawe wa pwani yetu, mfano wa Kilwa Kisiwani, Gede au Shanga. Nitaita "trenchi" kile tunachokichimba sisi, na "shimo" kile walichokichimba wao. Usiyachanganye maneno hayo mawili, hata kwenye daftari.

Anayetafuta rupia za Mjerumani zilizofukiwa asipoteze muda wake hapa.

## Kibali kwanza

Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na hakuna kuchimbua bila leseni ya Idara ya Mambo ya Kale. Mtafiti anahitaji pia kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Zanzibar ina mamlaka yake ya makumbusho na mambo ya kale. Kenya unapitia NACOSTI, tume inayotoa vibali vya utafiti, na Makumbusho ya Taifa, chini ya sheria ya 2006.

Karatasi zikikamilika bado hujamaliza. Nenda kwa serikali ya kijiji au kwa sheha, kisha kwa wazee. Uliza makaburi yako wapi, yakiwemo yasiyo na alama. Uliza kama kuna mzimu au pango linaloheshimiwa. Wakitaka dua isomwe kabla ya jembe la kwanza, kaa chini isomwe. Mwenye shamba mkubaliane mapema kuhusu minazi na mihogo yake.

## Vifaa

- Miiko miwili midogo ya mwashi, ya inchi 4, yenye bledi na shingo ya kipande kimoja. Yenye shingo ya kuchomelea hukatika siku ya pili.
- Sururu ndogo, jembe, sepetu, karai nne, ndoo za lita 10, toroli.
- Brashi laini, brashi ngumu, vijiti vya mianzi vilivyochongwa (kwa mifupa na shanga).
- Chekecheo la matundu ya milimita 5 na jingine la milimita 2 au 3.
- Kamba isiyovutika, misumari ya inchi 6, timazi, pima maji, futi za mita 5 na mita 30.
- Levo ya miguu mitatu (mashine ya kupimia vimo) pamoja na stafu yake, fimbo ndefu yenye vipimo. Ukikosa, kamba na pima maji vitafaa kwa trenchi moja ndogo.
- Karatasi za mraba, penseli ngumu, fomu za kutosha, chati ya rangi za udongo ya Munsell.
- Kamera, kipimio cha kuweka kwenye picha, mshale wa kaskazini, kibao cha namba.
- Mifuko ya plastiki ya saizi tatu, lebo, karatasi ya alumini kwa mkaa.
- Bomba la kunyunyizia maji, lile la wapuliza dawa, lakini jipya. Lililowahi kubeba sumu litaharibu sampuli, na litakudhuru na wewe.
- Turubai, ngazi, kofia, maji ya kunywa, kisanduku cha huduma ya kwanza.

Kifaa wanachosahau wengi ni turubai la pili. Moja la kufunikia trenchi usiku, jingine la kivuli. Umuhimu wa kivuli utauona kwenye hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Piga mraba na weka kituo

Chagua kipindi cha kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Masika hujaza trenchi maji na hubomoa kuta zake. Kwenye eneo la chini karibu na ufuko, angalia pia bamvua: bahari ikijaa sana, maji huibuka yenyewe chini ya trenchi.

Piga mraba wa mita 2 kwa 2. Usiamini macho. Pima mishazari yote miwili; kila mmoja uwe mita 2.83. Ukitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, sogeza msumari. Misumari ya kamba iwe nusu mita nje ya kona, ili kona isiporomoke na msumari wake.

Kisha weka kituo cha urefu, yaani nukta moja ambayo vimo vyote vitapimwa kutoka kwake. Kiwe kwenye jiwe lisilotikisika au saruji. Kisiwe kwenye mti, wala kwenye kigingi ambacho mbuzi anaweza kufungwa. Nimeona kituo kikihama na mbuzi.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine akipima mraba wako upya anapata vipimo vile vile bila kukuuliza chochote.

## Hatua ya 2: Ondoa nyasi, usiondoe zaidi

Fyeka, ng'oa vichaka, kusanya vigae vilivyo juu ya ardhi na uvipe mfuko wao. Havina tabaka, lakini vinakudokeza ni zama zipi zimelala chini.

Mizizi mikubwa ya mnazi usiing'oe. Ikate kwa msumeno pande zote mbili. Mzizi unaovutwa huinua sakafu nzima.

Udongo wa kuchimbwa utupwe angalau mita moja na nusu kutoka ukingoni, upande ambao upepo hautaurudisha. Kusi likivuma, utakumbuka maneno haya.

## Hatua ya 3: Kwangua, tazama, chora mpaka

Hapa ndipo watu wanaposhindwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Kabla ya kutoa udongo wowote lazima ujue udongo huo unaishia wapi. Piga magoti, ushike mwiko ubavu wake ukiwa chini, kisha kwangua kuja kwako, nyembamba kama unaparua ukoko wa sufuria. Anzia ukuta mmoja wa trenchi hadi mwingine, ukirudi nyuma, usikanyage ulikokwangua. Zoa vumbi lote. Vumbi lililobaki lina rangi ya kila kitu, hivyo linaficha kila kitu.

Sasa simama utazame. Unatafuta tofauti: rangi, ugumu, unyevu, na vilivyomo ndani. Doa jeusi lenye majivu na magamba ya chaza kandokando ya udongo wa hudhurungi usio na kitu, hayo ni mambo mawili tofauti.

Usitazame saa sita mchana. Jua la utosini hufuta rangi zote zikawa nyeupe. Tazama asubuhi mapema au baada ya saa kumi, au tandaza turubai upate kivuli. Kisha nyunyiza maji kidogo sana, kama umande, usubiri dakika tano. Udongo uliojaza shimo la zamani hukauka kwa kasi tofauti na udongo unaouzunguka, na mpaka ambao hukuuona asubuhi yote utajichora wenyewe.

Jicho likishindwa, tumia mkono na sikio. Mwiko hubadilika mlio ukitoka kwenye udongo laini kuingia kwenye chokaa. Mafundi wetu wa shambani, wengi wao wachimba visima na waashi, huusikia mlio huo kabla mwenye shahada hajaona chochote. Fundi akikwambia "hapa pamebadilika", simamisha kazi.

Ukishauona mpaka, uchore pale pale ardhini kwa ncha ya mwiko. Palipo na shaka weka nukta nukta, kisha mwite mwenzako aone bila kumwambia wewe umeona nini.

Onyo: usitafute mpaka kwa kuchimba kishimo katikati "uone chini kuna nini". Kishimo hicho kitatoboa matabaka matatu na vigae vyake havitakuwa na kwao.

Umefaulu ikiwa kila sehemu ya mita zako nne za mraba iko ndani ya mpaka fulani, na unaweza kusema ipi iko juu ya ipi.

## Hatua ya 4: Toa la mwisho kuja

Kila tukio lina namba yake. Udongo uliomwagwa ni tukio. Ukuta uliojengwa ni tukio. Na kitendo cha kuchimba shimo ni tukio pia, ingawa hakikuacha udongo, kiliacha ukingo tu. Kwenye fomu tukio linaitwa muktadha. Shambani tunasema "namba" tu. Kuchimba kunaitwa mkato, na udongo uliojaa ndani yake kijazo. Kwa hiyo shimo moja la taka lina namba mbili, na wanafunzi husahau ile ya mkato kila mwaka.

Kanuni ni kutoa matukio kinyume cha yalivyokuja. Lililokuja mwisho linatoka kwanza, lote, hadi linapoishia, iwe sentimita 3 au sentimita 60. Mpaka wake ukiinama, na wewe unainama nao.

Kama unaona shimo la taka limetoboa sakafu, toa kijazo cha shimo kwanza. Usiguse sakafu. Ukitoa vyote pamoja kwa sababu viko kimo kimoja, taka za karne ya 19 zitakwenda kuishi na watu wa karne ya 13.

Je, sentimita kumi kumi hazifai kabisa? Zinafaa mahali pamoja: ndani ya tabaka moja nene lisiloonyesha tofauti, kama jaa la nusu mita. Hapo ligawe, lakini namba ibaki ya tabaka lile lile, na vipande viwe a, b, c. Tabaka likibadilika katikati ya kipande, kipande kinaishia hapo hapo.

## Hatua ya 5: Andika kabla ya kubomoa

Kuchimbua ni kuharibu. Tabaka ukishalitoa halirudi, kwa hiyo mpangilio ni huu na haubadiliki: safisha, piga picha, chora, pima vimo, jaza fomu, ndipo utoe.

Picha iwe na kipimio, mshale wa kaskazini na kibao, kivuli kimoja trenchi nzima. Nusu jua nusu kivuli ni picha ya kutupa. Ramani ya juu chora kwa 1:20, na ukuta wa trenchi kwa 1:10.

Vimo huwatisha watu bure. Tuseme kituo chako umekipa mita 5.00. Weka stafu juu yake, soma kwenye levo: 1.32. Jumlisha, mashine iko kwenye 6.32. Peleka stafu juu ya tabaka, soma: 2.87. Toa kwenye 6.32, unapata 3.45. Hicho ndicho kimo cha tabaka lako. Levo ikisogezwa, hata kwa kugongwa na mguu, anza tena kutoka kwenye kituo.

Kwenye fomu andika rangi kwa Munsell udongo ukiwa na unyevu, umbile (mchanga, tope, mfinyanzi), kilichomo, mpaka wake kama ni mkali au umefifia, iko chini ya namba gani na juu ya namba gani, na ndoo ngapi zimetoka. Idadi ya ndoo wengi huiona ni ukarani. Bila hiyo huwezi kujua kama vigae 200 ni vingi au ni vichache.

Halafu andika unachofikiri, kwenye nafasi yake, leo hii. "Nadhani ni sakafu iliyoungua." Ukikosea, kosa lako litamsaidia anayekuja. Ukiacha wazi, hutamsaidia yeyote.

## Hatua ya 6: Vitu vinavyowatega watu wa pwani

Kifusi cha matumbawe. Chini ya udongo wa juu mara nyingi utakuta mawe yaliyoporomoka. Usiyaondoe kama uchafu. Tazama yamelala upande gani, tafuta vipande vya lipu, niru (lipu laini ya chokaa) au boriti. Ukuta ulioanguka mara moja hulala kwa mpangilio. Uliobomoka pole pole huwa na udongo mwingi kati ya mawe.

Sakafu ya chokaa. Isafishe yote uione kabla ya kufikiria kuitoboa. Tafuta viraka, na uone inavyokutana na ukuta. Sakafu ikipanda kidogo kwenye lipu ya ukuta, ukuta ulitangulia. Sakafu ikipita chini ya ukuta, sakafu ndiyo mkubwa.

Mchanga mweupe chini ya sakafu. Waashi walitandaza mchanga safi wa pwani kisha wakaweka chokaa juu. Msimu wangu wa pili shambani niliukuta mchanga huo, mweupe usio na kitu, nikatangaza kwamba tumefika mwisho, na nikaanza kuchora. Mzee mmoja aliyekuwa akichekecha alinyanyua kipande cha mkaa akaniuliza, "Mwalimu, na huyu kaja na bahari?" Chini ya mchanga ule kulikuwa na nyumba mbili za udongo na fito. Nilikuwa nimebakiza siku mbili za kibali.

Mtaro wa mawe yaliyoibwa. Huoni ukuta, unaona mstari wa udongo mlaini wenye vipande vya chokaa, sakafu zimeishia pande zote mbili. Hapo palikuwa na ukuta na mtu aliondoka na mawe yake. Mstari huo ni mkato na kijazo, na ni wa baadaye kuliko nyumba.

Mashimo ya nguzo. Ni madoa ya duara ya upana wa kiganja au zaidi, meusi au malaini kuliko pembeni. Usiyadharau. Kule Shanga, kisiwani Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alipochimbua miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe wa Ijumaa, alikuta misikiti ya zamani zaidi, mmoja chini ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Ukuta wa miti hauachi jiwe. Unaacha madoa. Ligawe doa nusu kwa nusu, toa nusu moja, chora ubavu wake, ndipo utoe nusu ya pili. Likiwa na kuta zilizosimama na kitako, ni nguzo. Likipinda na kupotea pembeni, ni mzizi.

Kaa. Kaa wa nchi kavu huchimba mashimo marefu na kushusha vigae vya juu hadi chini kabisa. Tundu lake ni la mviringo, laini, limejaa udongo mweusi wa juu. Lipe namba kama tukio jingine, litoe kwanza, na vilivyomo vikae mbali na vingine. Panya buku na mchwa nao ni wale wale. Kizibo cha soda cha mwanzo wa makala hii nadhani kilishushwa na kaa.

Kaburi. Ukiona shimo jembamba refu, au mfupa wa mtu, simama. Funika kwa udongo laini, waarifu wenye mamlaka ya kibali na wazee siku hiyo hiyo. Ikionekana ni la karibuni, polisi pia. Uamuzi wa kuendelea au kufukia si wako peke yako. Na hakuna picha ya kutuma kwenye simu.

Kuta za trenchi zenyewe. Udongo wetu ni mchanga, nao hauonyi kabla ya kuanguka. Ukifika mita 1.2, ama panua trenchi uikate kwa ngazi ama weka mbao za kuzuia. Mtu asishuke akiwa peke yake, na asikae mtu ukingoni.

## Hatua ya 7: Chekecha, osha, weka akiba ya udongo

Udongo wote wa matabaka unapita kwenye chekecheo la milimita 5. Matabaka ya sakafuni na majaa yapite pia kwenye lile dogo, maana shanga za kioo kutoka India hupenya bila aibu kwenye matundu makubwa. Chekecheo moja lichekeche namba moja tu kwa wakati mmoja. Ndoo mbili za namba tofauti zikisubiri pamoja bila lebo, basi, vyote viwili vimekufa.

Kila mfuko lebo mbili, moja ndani na moja nje: eneo, trenchi, namba, tarehe, mchimbaji. Penseli, maana wino wa kalamu ya kawaida hufutika kwa unyevu.

Kutoka kila tabaka lililo safi chukua udongo usiochekechwa, lita 40 kama upo, kwa ajili ya mbegu. Umimine pole pole kwenye pipa la maji, koroga kwa mkono. Mkaa na mbegu zilizoungua huelea, unazichota kwa kitambaa cha matundu madogo sana. Hivyo ndivyo utakavyojua walikula mtama au mpunga. Kausha kivulini. Jua hupasua mbegu.

Kwa kipimo cha kaboni cha kujua umri, mkaa usiushike kwa mkono. Tumia kibano, fungia kwenye alumini. Chagua kilichoishi muda mfupi: mbegu, au kifuu cha nazi kilichoungua, ambacho umri wake ni mwaka mmoja hivi. Boriti ya mkoko inaweza kuwa ilikatwa zamani na kutumika nyumba mbili tatu, nayo itakudanganya. Magamba ya baharini huonekana na umri mkubwa zaidi kwa takriban miaka 400 kwa sababu ya kaboni ya zamani iliyomo baharini, kwa hiyo yanahitaji marekebisho.

Vigae vinakupa majibu ya haraka hapo hapo mezani. Vyungu vya kienyeji vyenye michoro ya pembetatu ni vya karne ya 7 hadi 10, na huandamana na mitungi ya rangi ya feruzi kutoka Ghuba ya Uajemi. Sgrafiato, yaani vyombo vyenye michoro iliyokwaruzwa chini ya rangi, inakuja kati ya karne ya 11 na 13. Vyombo vya njano vyenye michoro myeusi kutoka Yemen na seladoni ya Longquan, China, huonekana sana karne ya 14. Buluu na nyeupe ya China ni ya baadaye, na sahani za maua za Ulaya ni za karne ya 19.

Kumbuka kanuni ya kigae kipya. Tabaka haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu kipya kabisa kilichomo ndani yake. Vigae 90 vya karne ya 9 na kimoja cha seladoni kilichokaa mahali pake halali, tabaka hilo si la karne ya 9. Vile 90 vilichimbuliwa na wakazi wenyewe walipokuwa wakichimba msingi.

## Hatua ya 8: Chora mti wa matabaka kila jioni

Mchoro huu aliubuni mwanaakiolojia Edward Harris mwaka 1973, na hauhitaji kompyuta. Ni masanduku yenye namba, ya mwisho juu, ya kwanza chini, yakiunganishwa kwa mistari. Chukua mfano huu wa kufundishia:

101 udongo wa juu. 102 kifusi. 103 kijazo cha shimo la taka, 104 mkato wake. 105 sakafu ya chokaa. 106 ukuta wa matumbawe, 107 udongo ulioshindiliwa kandoni mwa msingi, 108 mkato wa msingi. 110 kijazo cha shimo la nguzo, 111 mkato wake. 109 sakafu ya udongo mwekundu. 112 mchanga wa asili.

Shimo la taka limetoboa sakafu ya chokaa. Sakafu ya chokaa imefunika msingi na shimo la nguzo. Vyote viwili vimetoboa sakafu ya udongo. Mti wako unasomeka hivi kutoka juu:

101
102
103
104
105
tawi la kushoto: 107, 106, 108
tawi la kulia: 110, 111
109
112

Tazama yale matawi mawili. Ukuta na nguzo havikugusana popote. Kipi kilitangulia? Trenchi hii haijibu, basi usijibu wewe. Waandishi wengi wa ripoti hulazimisha mstari mmoja ulionyooka kwa sababu unapendeza. Acha matawi.

Fanya jioni ile ile, trenchi ikiwa bado wazi. Ukipata mzunguko, yaani 105 iko juu ya 107, 107 juu ya 110, na 110 juu ya 105, kuna mpaka uliouona vibaya, na kesho asubuhi bado unaweza kwenda kuuangalia. Ukisubiri mpaka mjini, umebaki na fomu tu.

Umefaulu ikiwa kila namba iko kwenye mti mara moja tu na hakuna iliyobaki inaelea.

## Hatua ya 9: Fika mwisho wa kweli, soma kuta

Ukifika kwenye mchanga usio na kitu, usiamini. Kata robo moja ya trenchi, ushuke sentimita 40 zaidi ukichekecha kila ndoo. Hakuna mkaa, hakuna kigae, hakuna gamba lililovunjwa kwa kuliwa? Sawa, umefika. Ukigonga mwamba wa matumbawe, kagua nyufa zake kabla ya kufurahi.

Kisha nyoosha kuta nne kwa mwiko, zinyunyizie, na uzichore zote, si ule mmoja mzuri. Kila mstari wa ukutani uulize: namba yake ni ipi? Utakuta mistari ambayo hukuitoa kama tabaka. Itakutokea, hata mimi hunitokea kila msimu. Ipe namba, andika "imeonekana ukutani tu", na taja mifuko ambayo huenda imechanganyika. Mfuko uliokiri kuchanganyika bado una kazi. Usiokiri unaharibu na mingine.

## Hatua ya 10: Fukia

Tandaza vipande vya magunia ya plastiki yaliyotobolewa chini na kwenye kuta, ili maji yapite na mchimbuaji wa kesho aone mpaka wako. Weka sarafu ya mwaka huu chini kabisa. Rudisha udongo kwa awamu, ukishindilia kila sentimita 20. Udongo uliomwagwa tu utadidimia masika yakija na utaacha dimbwi la mbu karibu na nyumba za watu.

Mifuko ikaushwe kabla ya kupakiwa, hasa mifupa, maana ukungu hauchukui wiki. Hesabu mifuko mbele ya mtu wa pili, namba kwa namba, mkiilinganisha na orodha ya fomu. Msipakie gari kabla hesabu haijakubali.

Kituo chako cha urefu usikiondoe. Kipake rangi, mwonyeshe mwenye shamba, na mwambie asifungie mbuzi.